Daftari Lililopigwa Wino Mwekundu

Mnamo mwaka 1978, katika mtaa wetu wa Ng'ambo, kilikuwapo kitabu kimoja cha Kisima cha Giningi kilichosomwa na nyumba zisizopungua kumi. Jalada lake lilikwisha kushonwa kwa uzi wa cherehani, na kurasa zake za mwisho zilichanika na kupotea kabla hakijatufikia sisi vijana. Kwa hivyo sote tulimjua Bwana Msa na kiko chake, tulimjua na sahibu yake Najum, lakini hapana katika sisi aliyejua mambo yaliishia wapi.

Rafiki yangu mmoja, ambaye sitamtaja jina, akaamua kuyamalizia mwenyewe. Alinunua daftari la skuli, akaandika kurasa 30 na ushei kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto, na kila jioni baada ya sala ya Isha akitusomea kipande barazani. Watu walikaa kimya. Fundi saa wa mtaani, mtu asiyejulikana kwa kusifu kitu, alikuwa akimuuliza mapema tangu mchana: "Leo tunafika wapi?" Hayo ndiyo maoni aliyoyapata mwandishi yule, na nathubutu kusema kuwa wapo waandishi wakubwa waliokufa bila ya kuulizwa swali kama hilo.

Likizo ile nilikwenda Pemba kwa ami yangu, Wete, na huko nikakikuta kitabu kizima. Nilikimaliza usiku mmoja kwa mwanga wa kandili. Niliporudi Unguja niliazima lile daftari, nikachukua kalamu nyekundu, na nikafanya kazi ambayo hadi leo nikiikumbuka huinamisha macho. "Si kweli," niliandika pembeni. "Bwana Msa hakufanya hivi." "Najum hasemi maneno haya." Palipokuwa na neno lililopotoka nililipigia mstari, na palipokuwa na neno zuri nilipita kimya. Kisha nikenda barazani nikawahadithia watu mwisho ulio wa haki. Mwenzangu alicheka kidogo, akalikunja daftari lake, akalitia kwapani. Sikumwona akiandika tena.

Ama hii kazi ya kuchukua watu walioumbwa na mwandishi mwengine na kuwatungia visa vipya si mchezo wa vijana wa Ng'ambo peke yao. Ulimwenguni kote wapo maelfu wanaoifanya bila ya malipo, kwa mapenzi tu. Marekani, mwaka 1967, wapenzi wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek walitoa jarida lao la mwanzo la namna hiyo, Spockanalia, na majarida yaliyofuata yalikuwa yakichapisha barua za wasomaji waliosifu na waliokosoa. Mwaka 1973 mmoja wao, Paula Smith, alichoshwa na hadithi ambazo ndani yake msichana mdogo asiye na ila anawashinda mabaharia wote wa chombo kile cha angani. Hakuwaandikia waandishi wake barua ya matusi. Alitunga kisa kifupi cha kuwaiga, shujaa wake akamwita Mary Sue, na jina hilo likabaki kuwa kipimo cha kukosolea mpaka hii leo.

Na Bwana Msa mwenyewe, si mtoto wa Sherlock Holmes? Wahakiki wamelisema hilo mara nyingi, na wala si aibu. Muhammed Said Abdulla alilichukua umbo la mpelelezi wa Kiingereza akalivika maisha ya Unguja, na hadithi yake ya mwanzo, Mzimu wa Watu wa Kale, ikashinda mashindano ya uandishi ya 1957–58, ikachapishwa 1960. Arthur Conan Doyle, aliyemuumba huyo Holmes, naye alijua uzito wa wasomaji: alimuua shujaa wake mwaka 1893, barua za malalamiko zikammiminikia, na mwaka 1903 akakubali kumrejesha hai. Lakini nimpendalo zaidi ni jambo jengine la mwaka huo wa 1893. Yeye na rafiki yake J. M. Barrie walikuwa wameandika tamthilia ya nyimbo ikaanguka vibaya London. Barrie akamtungia Doyle kisa cha mzaha, ambamo wao wawili wanakwenda kwa Holmes kumuuliza kwa nini watu hawaji kuitazama. Doyle baadaye aliandika kuwa kati ya maigizo yote ya Holmes, hilo ndilo lililo bora. Ndiyo kusema mwenye mali hakukasirika kuguswa mali yake, na aliyeigusa aliigusa kwa mkono wa sahibu.

Wengi katika waandishi hawa wa mapenzi wana ada moja iliyonishangaza nilipoijua: hawataki kukosolewa mbele ya watu ila wenyewe waombe. Hoja yao ni kuwa hadithi ni zawadi; jirani akikuletea sahani ya bokoboko hutoki mlangoni ukapiga ukelele kuwa chumvi haikukolea. Mwanzo niliiona ni hoja ya watu dhaifu. Baadaye nikatambua kuwa wengi wao humpa mtu mmoja wanayemwamini aisome hadithi kabla haijatoka, naye humkosoa mwandishi bila ya huruma. Ukosoaji upo basi, ila umeingia kwa mlango wa uani, kama mpishi anayemwonjesha mwenzake mchuzi kabla ya kupakua. Ada hiyo naipenda. Nisiyoipenda ni ile ya usiposifu nyamaza, kwani sifa isiyoweza kukataliwa haina ladha hata kwa anayesifiwa.

Sisi tulikuwa na njia yetu. Katika takhmisi, mshairi huchukua beti za mwengine akaongeza vipande vitatu juu ya viwili vya asili, na hapo hapo msikilizaji humpima: je, vipya vimeukaa uzi wa vile vya kale? Na washairi waliojibizana, kama Kamange na Sarahani kule Pemba, walijibizana kwa shairi. Aliyetaka kumkosoa mwenziwe ilimbidi naye aonyeshe mkono wake. Mimi na kalamu yangu nyekundu sikuonyesha chochote.

Mwaka 2011 rafiki yangu alikuja kutoka Maskati kumzika dada yake. Siku ya tatu, watu walipopungua, nikamtaka radhi kwa lile daftari. Alinitazama kama aliyesahau, kisha akatabasamu.

"Mwisho wake nilikuwa nikiujua," akasema. "Kitabu kizima nilikisoma Dar es Salaam, hata kabla yako."

"Sasa kwa nini uliandika vyengine?"

"Kwa sababu nilitaka vyengine."

Nikamuuliza kama ni mimi niliyemwachisha kuandika. Akasema mwaka ule baba yake alifariki, akaingia kazini, basi. Sijui kama alinieleza kweli au alinisitiri tu, mimi mgeni wa matanga yake. Sikumuuliza tena.

Nimesomesha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30, na wino mwekundu niliotumia ungejaza pipa. Mwezi uliopita mpwa wangu, binti wa miaka 17, aliniletea karatasi tisa alizozipiga chapa dukani. "Mjomba, nakuomba usome tu," akaniambia. "Usisahihishe." Ni kisa cha Bwana Msa. Ukurasa wa pili una kosa la upatanisho, wa tatu una mawili, na kwenye wa nne Bwana Msa, mwenye kiko tangu mwaka 1960, kiko hana tena. Anatafuna tambuu!

Kalamu ilikuwa mfukoni. Niliishika, nikaiacha humo humo.

"Hebu niambie," nikamwambia. "Mbona umemwachisha kiko?"

Akavuta kigoda akakaa. Nilikwisha kuyasahau yale makosa matatu aliponieleza kwa nini, na adhana ya Magharibi ilitukuta tungali kwenye ukurasa wa nne.