Mlo Usiokuwa na Mchinjaji

Mikahawa ya Mayahudi isiyopika nyama, bali maziwa, mayai, mboga na samaki tu, ilikuwa mingi mjini New York katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Iliyobaki leo ni michache. Ratner's, ulioasisiwa mwaka 1905, ulifunga milango mwaka 2002. Katika Second Avenue, barabara iliyokuwa zamani kitovu cha tamthilia za Kiyidishi, upo bado B&H Dairy, uliofunguliwa mwaka 1938. Ni kichochoro kuliko mkahawa: upande mmoja kaunta na viti vyake virefu, upande wa pili meza chache zilizobanwa na ukuta, na mtu akitaka kutoka sharti wenzake wavute magoti. Aliyewahi kupishana na hamali na gari lake la mkono katika Mji Mkongwe hatopata taabu humo.

Nilipelekwa huko na mfasiri mwenzangu, Myahudi ambaye akiwa nje ya nyumba yake hali nyama. Tulikuwa tumepita mikahawa mingi, naye akitikisa kichwa kila nilipoonesha kidole. Alikuwa akitafuta mahali ambapo sisi wawili tungekula sahani moja bila ya yeyote kuuliza kitu.

Sheria yenyewe inatokana na amri iliyotajwa mara tatu katika Taurati, inayokataza kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mamake. Juu ya amri hiyo wanavyuoni wao walijenga ukuta mrefu: nyama na maziwa visipikwe wala kuliwa pamoja, visitumie sufuria moja, na baada ya nyama wengi wao hungoja saa 6 ndipo waguse maziwa. Wakamtia na kuku katika hukumu hiyo, ingawa kuku hanyonyeshi. Samaki wakamwacha nje. Ndiyo sababu mkahawa wa maziwa ukawa pia mkahawa wa samaki. Kisichokuwa nyama wala maziwa huitwa kwa Kiyidishi "pareve", neno ambalo nimehangaika nalo. "Si huku wala kule" lanuka unafiki. "Huru" limekwisha kubeba bendera. Hata "kosheri" si "halali" kama tunavyozoea kufasiri. Halali ni kilichoruhusiwa. Kosheri, kwa asili yake ya Kiebrania, ni kilichofaa. Tungesema "kifaacho" tungekaribia zaidi.

Tulianza kwa supu nyekundu ya bitiruti, pamoja na mkate mzito wa mayai uitwao hala, uliookwa humo humo na kupakwa siagi bila ya uchoyo. Zikafuata chapati za maji zilizokunjwa na kutiwa jibini laini ndani, zikakaangwa kwa siagi, na juu yake malai chachu. Kisha samaki mweupe wa kukaushwa kwa moshi. Marehemu bibi yangu, aliyetukataza samaki na maziwa katika mlo mmoja kwa kuchelea mbalanga, angeikimbia meza ile. Mimi nilibaki, na nikaomba mkate wa pili.

Nilimsimulia mwenyeji wangu habari za kuku wa nazi. Akanambia tui kwao si maziwa, walakini iko hukumu ya kale juu ya nyama iliyopikwa kwa maziwa ya lozi: weka lozi kando ya sahani, anayetazama asije akadhani vibaya. Kumbe nao wanaishi na macho ya jirani, kama sisi watu wa visiwani!

Samaki naye ana masharti: awe na mapezi na magamba. Changu, kolekole, nguru na jodari wanapita. Pweza, ngisi, kamba, kaa, papa na taa wanabaki nje, yaani nusu ya starehe ya Forodhani usiku. Nilipomweleza kwamba Ithnaashari wa Unguja nao hawali papa wala pweza kwa ajili ya magamba hayo hayo, ila kamba wameruhusiwa, alitoa daftari akaandika.

Lakini lililonikaa moyoni ni jengine. Samaki hachinjwi, si kwao wala si kwetu. Nyama ndiyo yenye swali: nani kachinja? Na majibu yetu hayalingani. Qur'ani, katika Suratul Maida, imetuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu, na wanavyuoni wetu wengi huihesabu humo nyama waliyoichinja. Sheria yao haina ruhusa kama hiyo juu ya kichinjo chetu. Mimi naweza kuwa mgeni wake kwa nyama. Yeye hawezi kuwa mgeni wangu. Kwa mtu aliyelelewa akijua kwamba mgeni wa heshima huchinjiwa, hilo ni zito kulimeza. Kuku wangu, hata nimchinje kwa adabu zote, kwake si chakula.

Na kisu huweza kudai zaidi ya hapo. Februari 2013, huko Buseresere, Geita, ugomvi wa Waislamu na Wakristo juu ya nani mwenye haki ya kuchinja uliishia kwa mchungaji kuuawa. Walikuwa majirani. Sijapata kusikia pwani hii watu wakiuana kwa kugombea nani kamvua changu.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwenye B&H ni Mwislamu mzaliwa wa Misri. Machi 2015 mripuko wa gesi uliangusha majengo matatu katika barabara ile na kuua watu wawili. Mkahawa ulifungwa kwa miezi, na majirani na wateja wakachanga fedha hata ukafunguliwa tena Agosti. Sikuona aliyeona ajabu kwamba mwenye jiko la kosheri husali kwa kuelekea Makka.

Mwenyeji wangu hakukubali nilipe.

"Siku utakayokuja Unguja," nikamwambia, "deni hili nitalilipa kwa changu wa kuchoma."

"Mwenye magamba?"

"Nitamwambia muuzaji asimpare mpaka umuone kwa macho yako."