Vidahizo Vilivyopotea Winguni

Zipo hitilafu za programu za tarakilishi ambazo hujitokeza kila mara mtu afanyapo jambo lile lile, na zipo nyingine ambazo hutoweka pindi zinapotafutwa. Mnamo mwaka 1985 mtaalamu wa Marekani, Jim Gray, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Tandem, alizieleza aina hizo mbili kwa majina yaliyotokana na wanafizikia: ile thabiti ikanasibishwa na Bohr, na ile ya kutoweka ikanasibishwa na Heisenberg, kwa kuwa kule kukichunguza kitu hukibadilisha.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili, aliyekuwa akikusanya istilahi za uvuvi kisiwani Lamu, aliikuta aina ya pili kabla ya kulisikia jina lake. Alikuwa ameunda kamusi ndogo ya kielektroniki. Msomaji aliandika kidahizo, nayo programu ikamletea maana, ngeli na sentensi ya mfano. Katika tarakilishi ya chumbani mwake ilifanya kazi bila dosari. Kisha akaipandisha kwenye jukwaa la kukodi la wingu, ili msimamizi wake aliyekuwa Nairobi aifuate kazi hatua kwa hatua, naye mwenyewe aweze kuingiza maneno kwa simu akiwa ufuoni. (Wingu, ikumbukwe, ni jina la adabu tu. Hizo ni tarakilishi za watu wengine, zilizo katika jengo la mbali ambalo mpangaji halioni wala haligusi.)

Mtoa habari wake mkuu alikuwa nahodha mkongwe aliyekwisha kuacha bahari. Maneno kama dema, juya na jarife yalikuwa tayari katika kamusi zilizochapishwa. Aliyoyatamani mwanafunzi ni yale yasiyokuwamo: majina ya vifundo, ya sehemu za wavu, na ya hali za maji baina ya bamvua na maji mafu. Mzee alikuwa na subira ya ajabu. Alilitamka neno, akangoja liandikwe, akauliza, "Umelipata, mwanangu?" ndipo akaendelea. Kwa siku 4 za mwisho mwanafunzi hakutumia daftari. Karatasi hulowa mashuani, ilhali simu ilikuwa salama katika mfuko wa plastiki.

Neno la kwanza kuleta mashaka lilikuwa ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa na kukaushwa juani. Msimamizi alileta ujumbe kwamba halimo. Mwanafunzi akalitafuta, likaja. Msimamizi akajaribu tena, likaja. Akajaribu mara ya tatu, halikuja. "Mwalimu, tafadhali jaribu sasa," mwanafunzi aliandika mara nyingi wiki ile, na jibu halikuwa moja.

Mtu wa lugha huanzia kwenye lugha, na shaka ikaiangukia ritifaa. Haikuwa shaka ya bure. Ritifaa nyoofu inayopatikana kwenye kibodi za kawaida na ile iliyopinda, ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe, ni alama moja machoni mwa binadamu. Kwa tarakilishi ni alama mbili, ya kwanza ikiwa na nambari 39 na ya pili nambari 8217. Ng'onda aliyeandikwa kwa alama moja hapatikani akitafutwa kwa nyingine. Hivyo ndivyo ng'ombe na ng'ambo wanavyoweza kukosekana katika mkusanyiko wowote wa matini za Kiswahili ambao mtayarishaji wake hakulifikiria jambo hili. Mwanafunzi aliirekebisha programu izichukulie alama hizo kuwa sawa, akaliandika neno lenyewe katika faili ya nyumbani, akaipandisha kazi upya. Ng'onda akaonekana kila alipotafutwa. Furaha ilidumu usiku mmoja. Kesho yake yalikosekana maneno ambayo hayakuwa na ritifaa yoyote.

Alibadilisha hiki na kile, akapandisha mara ya pili, kisha ya tatu. Kila alipopandisha, maneno aliyoyaingiza ufuoni yalizidi kupungua. Akayaingiza tena yale aliyoyakumbuka, nayo yakaanza kuonekana na kutoweka kama yaliyotangulia.

Kilichomfungua macho ni hila ndogo isiyo na utaalamu mwingi. Aliiagiza programu iandike, chini ya kila ukurasa, jina la mashine iliyotoa jibu. Akaufungua ukurasa mara 10. Hapo yakajitokeza majina mawili, yakipokezana bila mpangilio. Jukwaa lilikuwa likiendesha nakala mbili za programu kwa wakati mmoja ili wasomaji wasikwame, na kila ombi lilipelekwa kwa nakala yoyote iliyokuwa tayari. Programu nayo iliyahifadhi maneno mapya katika faili iliyokuwa kwenye mashine yenyewe. Neno lililopokewa na nakala ya kwanza halikujulikana na ya pili. Si hayo tu. Katika jukwaa la aina hiyo diski ya nakala ni ya muda: nakala ikianzishwa upya, jambo lililofanyika angalau mara moja kwa siku na pia kila programu ilipopandishwa, faili hurudi kama zilivyokuwa zilipotoka nyumbani. Ile tiba ya kupandisha marekebisho ndiyo iliyokuwa ikiyafuta maneno. Aidha, hakukuwa na muujiza wala bahati nasibu. Ukishajua kwamba wanaojibu ni wawili, hitilafu hii ni thabiti kabisa, ni ya Bohr.

Hata matajiri wamewahi kuingia mtego wa jinsi hii. Agosti 1, 2012, kampuni ya Marekani ya Knight Capital, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa, ilianza kutumia programu mpya iliyowekwa katika seva 7 kati ya 8. Seva ya nane ilibaki na kipande cha msimbo wa zamani, ambacho hakikuwa kimetumika tangu 2003, na alama iliyokuwa ikikiamsha ilikuwa imepewa kazi nyingine katika programu mpya. Maagizo yaliyofika kwenye seva hiyo yalizaa ununuzi na uuzaji usiokoma. Mafundi, kwa kutafuta nafuu, waliiondoa programu mpya katika seva zile 7, na maradhi ya moja yakawa ya zote. Kwa muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 460.

Hasara ya mwanafunzi haikuwa ya fedha. Alihamishia maneno kwenye hifadhidata moja iliyotumiwa na nakala zote mbili, na tangu siku hiyo hakuna neno lililotoweka. Lakini nahodha alikuwa ameaga dunia wiki iliyotangulia, na maneno ya zile siku 4 hayakuwa daftarini.

Kilichosalia kilipatikana mahali asipopatarajia. Jukwaa huweka kumbukumbu ya kila ombi linalopita, na ombi la kutafuta hulibeba neno linalotafutwa. Katika wiki ile ya mahangaiko alikuwa ameyatafuta maneno yale tena na tena, kwa hiyo yalikuwamo, yamepangwa kwa saa na dakika, yakiwa na tahajia kamili. Vilikuwa vidahizo 11. Maana hazikuwamo, kwani zilipita njia ambayo haikuandikwa.

Alivichapisha kwenye karatasi, akaacha nafasi mbele ya kila kimoja, akarudi Lamu kuwauliza rika la marehemu. Vidahizo 7 vilitambuliwa siku ya kwanza. Kuhusu cha nane wazee wawili walibishana hadi adhuhuri, na kamusi imeziweka kauli zote mbili. Vitatu hakuna aliyevijua. Mmoja wa wazee alisema huenda ni vya ukoo wa nahodha tu. Msimamizi alishikilia kwamba kidahizo kisicho na maana hakina nafasi katika kamusi. Mwanafunzi alivibakiza, kila kimoja mahali pake kialfabeti, jina la msemaji na tarehe vikiwa mbele yake.