Ujira wa walio jela

Leo naweka shela na hina pembeni, kuna jambo la Marekani limenikaa moyoni. Huko kaunti nyingi zina jela zao, na wengi waliomo bado hawajahukumiwa. Wanasubiri kesi, mara nyingi kwa kukosa pesa ya dhamana. Humo hupangiwa kazi: kupika, kufua, kupiga deki. Katika jela ya Santa Rita, California, waliokuwa wakiandaa chakula kwa ajili ya kampuni binafsi bila mshahara walifungua kesi mwaka 2019. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema sheria ya kima cha chini cha mshahara haiwahusu, hata hao wasiohukumiwa.

Kazi yenyewe siipingi. Kukaa bure kutwa kunaua moyo. Mikono ikishughulika, fikra hutulia, muulize yeyote mwenye cherehani. Lakini Mtume wetu (S.A.W) ametukataza hata kuchelewesha ujira wa mtu, seuze kumnyima! Nanyi mabibi harusi mnaonibembeleza, "Dada, nitamalizia baada ya fungate," jueni mafundi wangu nawalipa jioni ile ile, gauni limechukuliwa au halijachukuliwa.