Siku Nne Siyu

Kuna hesabu mbili za umri, na wengi wetu huishi nazo zote mbili bila ya kuzilinganisha. Mwaka wa jua una siku 365, na mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355. Siku kumi na moja si kitu kwa kijana, lakini hurundikana, na kila ikipita miaka 33 ya Hijria, mwenye kuhesabu kwa jua huwa amefika 32 tu. Cheti chetu cha kuzaliwa chasema mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Marehemu baba yetu, ambaye hakuwa na imani kubwa na vyeti, aliandika ndani ya jalada la msahafu wake: Mfungo Sita, 1383. Basi Mfungo Sita wa mwaka 1446 ulipoandama, kwa karatasi ya serikali tulikuwa na miaka 61 na mwezi na ushei. Kwa mkono wa baba tulikuwa tumetimiza 63.

Msomaji hahitaji kuelezwa kwa nini idadi hiyo ilitushitua. Ndio umri aliofariki nao Mtume wetu (SAW) kwa riwaya iliyo mashuhuri zaidi, na mwenye kuufikia huziona siku zinazofuata kuwa ni nyongeza.

Watoto wetu walipopata habari walitaka kulifanya jambo. Palitajwa ukumbi, biriani ya mbuzi wawili, na keki yenye tarakimu za sukari. Kuhusu kuadhimisha siku ya kuzaliwa, masheikh wamesema waliyoyasema na ukurasa huu si mahali pa kuyarudia. Sisi tulisema tu kwamba, kama nia yao ni zawadi, basi watupe nauli na siku nne kisiwani, na asitufuate mtu.

Hapo ndipo nyumba ilipopata moto. Itafahamika kwamba tangu marehemu mama watoto atangulie mbele ya haki, miaka miwili iliyopita, hatujalala usiku hata mmoja bila ya mmoja wao kuwa chumba cha pili akisikiliza tunavyokohoa. Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini mapenzi nayo yana ulinzi wake: ukishika kalamu unaulizwa unaandika nini, na ukinyamaza unaulizwa unaumwa wapi. Mwana wa kwanza alihofia dawa za presha. Binti mkubwa aliona ni aibu. Watu watasema wamemtupa baba yao. Mwana wa pili, aliyesoma dini kuliko wenzake, alitukumbusha katazo la kusafiri pekee. Tulimjibu kwamba maulamaa wengi wamelifungamanisha katazo hilo na hatari za njiani, na kwamba basi la Lamu hujaa abiria hadi mlangoni. (Na tunaposema "sisi" ni ada ya uandishi tu, aliyepanda basi ni mtu mmoja na mkoba wake.)

Sababu yenyewe hatukuwaambia. Tulikuwa tunakwenda kuandika wasia.

Sote tumesikia mimbarini kwamba haimpasi Mwislamu mwenye kitu cha kuusia kulala siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Nyumbani kwetu lisingewezekana, na si kwa ajili ya kelele peke yake. Tuliowazaa ni wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Wa tano alikuja akiwa na miezi saba, mamake amefariki, na babake hana wa kumsaidia kulea. Mama watoto wakati ule alikuwa akinyonyesha, akamweka kwenye ziwa la pili. Hivyo ni binti yetu wa kunyonya: hajifuniki mbele yetu, na wanangu hao ni ndugu zake wasioweza kumuoa. Jina ni la babake mzazi, kama Qur'ani ilivyoamrisha. Na ndiye aliyekaa na mamake huyu wa pili miaka minne ya ugonjwa, akimgeuza kitandani usiku, wakati wenzake wana nyumba na watoto wao.

Lakini ziwa huleta udugu, halileti mirathi. Tukifa usiku huu bila ya karatasi, kadhi atagawa sawasawa kama sheria itakavyo, yeye hatatajwa, na hapatakuwa na mtu wa kuitwa dhalimu. Jambo hili halitatuliwi mezani huku macho manne yakikutazama kwa zamu, wala halitatuliwi huku yeye mwenyewe akikuletea chai.

Tuliondoka Mombasa alfajiri, tukapita Malindi, Garsen na Witu, kwa barabara ambayo sasa ina lami na bado ina ukaguzi, mpaka Mokowe, na jioni chombo kikatuvusha hadi Lamu. Mji ulikuwa umeanza kujaa wageni wa Maulidi ya Riyadha. Kila baraza ina mtu unayemjua au anayemjua baba yako, na kila mmoja ana swali. Kwa mwenye kutafuta faragha, Lamu ya Mfungo Sita haifai hata kidogo. Tulilala usiku mmoja, na kesho yake tukapanda boti ya Pate.

Safari hiyo haifuati saa. Mlango wa Mkanda, baina ya Manda na bara, hupitika maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, nahodha hana la kufanya ila kungoja. Abiria walikaa juu ya magunia ya unga na masanduku ya soda, mikoko pande zote mbili, na hakuna aliyetazama saa yake. Tulishuka gati ya Mtangawanda, na pikipiki ikatupeleka Siyu kwa njia ya mchanga. Hapo mkoba wetu ulianguka mara mbili.

Tuliichagua Siyu kwa sababu ya bibi mmoja. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, yule ambaye mji wake uliwashinda askari wa Sayyid Said wa Zanzibar katika miaka ya 1840. Mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi ambao mpaka leo haujatoka midomoni mwa watu wetu. Husomwa kama mawaidha kwa wake, na mara nyingi hutajwa na waume wenye malalamiko. Sisi tumeuona kila siku kuwa ni waraka wa mzazi aliyeona wakati umekaribia, akaamua lisibaki jambo halijasemwa. Hakuishi miaka mingi baada yake.

Siyu ya leo ni mji mdogo wa makuti na mawe, na ngome kubwa kuliko mji, imesimama kando ya mkono wa bahari. Zamani hapa palinakiliwa misahafu kwa mkono, kwa wino mweusi na mwekundu, na mafundi wa ngozi bado wapo. Tulipata chumba katika nyumba ya mama mmoja mtu mzima, aliyetuuliza mara moja kama tuna familia, akajibiwa ndiyo, na hakuuliza tena mpaka siku ya kuondoka. Asubuhi alituletea mkate wa mofa na chai ya tangawizi. Jioni tulikula samaki wa kuchoma. Baada ya Isha tulizima simu, na kwa mara ya kwanza tangu tufiwe tukasikia ukimya wa chumba chenye mtu mmoja. Tulidhani utatisha. Usiku wa kwanza ulitisha kweli. Tulilala taa ikiwaka. Usiku wa pili tulizungumza na marehemu kwa sauti, jambo ambalo kwetu Mombasa lingemleta daktari.

Madeni hayakuchukua muda: ya duka, na amana ya jirani, tukayaandika mwanzo kwa kuwa hutangulia wasia na mirathi yote. Kisha tukaja kwenye theluthi.

Anayeusia haruhusiwi kupita theluthi ya mali yake, na wala hamwusii mrithi ila warithi wenzake waridhie. Saad bin Abi Waqqas alipotaka kutoa zaidi, Mtume (SAW) alimwishia hapo, na hata theluthi yenyewe akaiona ni nyingi. Binti yetu wa ziwa si mrithi, kwa hivyo mlango u wazi kwake. Moyo ulitaka kumpa theluthi nzima. Tukachukua nyumba yetu ya vyumba sita tuifanye mfano. Theluthi yake ni vyumba viwili. Vinavyobaki ni vinne, na warithi ni hao wanne peke yao, maana wazazi wetu na mama yao wametangulia: kila mwanamume apata chumba kimoja na theluthi, na kila mwanamke theluthi mbili za chumba. Yaani wa kunyonya angepata mara tatu ya dada zake, na kuwapita hata kaka zake. Sheria ingeruhusu. Lakini tuliwaona wale mabinti wawili wamekaa mbele ya kadhi wakisikia hesabu hiyo, na mwenzao katikati yao akiwa hana pa kuyaweka macho yake.

Usiku wa tatu tuligawa upya. Mafungu saba: wanaume mawili mawili, wanawake moja moja, na yeye moja. Moja kati ya saba, ndani ya theluthi bila ya shaka, na sawa kabisa na fungu la dada yake. Kumpa zaidi kungefanana na ujira wa ile miaka minne, na ujira wake hauko mikononi mwetu. Kumpa kidogo kungefanana na sadaka. Tuliandika "fungu la binti", tukaweka tarehe ya Hijria na ya miladi, tukalala.

Siku ya mwisho ilikuwa ya matembezi. Tulikwenda kwa miguu mpaka Shanga, magofu yaliyo kusini, ambako wachimbuzi wa miaka ya 1980 walikuta chini ya msikiti wa Ijumaa misikiti mingine ya kale zaidi, mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya 8. Jua lilikuwa kali na maji yetu yalikwisha njiani. Tulirudi tukanunua makubadhi jozi tano kwa fundi wa ngozi, kwa vipimo vya kukumbuka kichwani. Zote zilifaa ila za mwana wa kwanza.

Mombasa tuliwakusanya usiku wa Ijumaa, wote watano, tukawasomea. Mwana wa pili aliuliza kwa nini isiwe theluthi, ikiwa inajuzu, tukamfanyia ile hesabu ya vyumba. Binti mkubwa aliuliza kama mwenzake ataweza kuuza fungu lake kwa mtu wa nje. Swali hilo lilituumiza kidogo, lakini ni swali la haki, na jibu lake ni ndiyo. Akasema basi angependa ndugu waulizwe mwanzo, na hilo tukaliandika kama ombi, si sharti. Mwana wa kwanza hakusema neno, akaomba asomewe mara ya pili. Yeye mwenyewe aliinuka akaenda jikoni kupasha chai iliyokuwa imekwisha pashwa.

Mashahidi wawili wa mtaani wametia saini, na nakala moja iko kwa sheikh wetu. Ruhusa ya kuyaandika haya wote watano wametupa. Sasa swali lililobaki nyumbani ni kama baba ataachiwa kusafiri tena, na wengi wao wanaona mara moja yatosha. Tumewaambia kwamba Pemba hatujawahi kufika, na kwamba miaka ya mwezi huja mapema.