Mwacheni bibi aongee!

Jamani, kuna ugonjwa umetuingia sisi watoto wa mjini hapa Mtwara. Mtu akipata mtoto tu, sheria ya kwanza nyumbani: marufuku Kimakonde! Eti kitamharibia mtoto Kiswahili, shuleni atakuwa wa mwisho.

Dada yangu naye ulimkumba. Kutwa yuko kazini, mwanawe wa miaka minne anabaki na mama yetu, mzee wa Newala. Mwalimu mmoja wa chekechea akamwambia dada Kimakonde kikome. Bibi akatii. Unajua kilichotokea? Bibi ambaye kwa Kimakonde ana hadithi za sungura, vitendawili na utani usiokwisha, kwa Kiswahili alibakiwa na maneno matatu: njoo, kula, lala. Nyumba ikapoa kama ina msiba. Mtoto naye akawa hana cha kusimulia.

Mimi ndiye mjomba mtu, na kwetu Wamakonde neno la mjomba lina uzito. Nikamwambia, "Dada, unamkata mtoto ulimi!" Mtoto anajifunza kuongea kwa kuongeleshwa, kuulizwa na kubishana. Bibi aliyenyamazishwa hamfundishi Kiswahili wala chochote.

Halafu lugha zenyewe si maadui, ni ndugu, zote za Kibantu. Sisi tunasema Wamakonde, bibi anasema Vamakonde. Ki- yetu kwake ni Chi-. Mtoto aliyeshika mpango huo kwa bibi haanzi sifuri darasani.

Tatizo lipo, sikatai. Kimakonde hakitenganishi R na L kama Kiswahili, hivyo mtoto anaweza kuandika "lafiki". Basi ataitwa kilaza! Wakati kaandika vile vile anavyosikia. Huyo anataka mtu wa kumtamkia taratibu na kusoma naye kitabu, sio wa kumcheka.

Siku hizi pale kwa dada mambo ni hivi: mchana bibi anasimulia kwa Kimakonde. Jioni mtoto anamhadithia mama yake kwa Kiswahili, mama anaandika kwenye daftari, kisha wanasoma pamoja. Juzi katoto kakadakia: "Mama, hapo umeruka! Sungura hajafika kisimani!"

Miaka minne, tayari anakagua maandishi! Haya, nyie wa Shangani, Ligula na Chikongola mliomfunga bibi mdomo, mpo?