Imeandika Nini?

Ndugu msomaji, mimi ni mwandishi ambaye bado sijatoa kitabu. Nasema hivyo mapema ili usije ukadhani unasoma maneno ya fundi wa kompyuta. Nilimaliza kidato cha nne nikaambulia divisheni ya nne, na tangu hapo naishi na Mama hapa Tandika. Alfajiri namsaidia kuchoma vitumbua, usiku naandika riwaya. Haya nitakayokusimulia yalinipata usiku mmoja wa masika, na kama nawe maandiko yako yote yamo ndani ya mashine moja tu, basi tega sikio.

Kompyuta yenyewe ni kuukuu. Niliinunua Kariakoo kwa muuza vifaa vilivyotumika: boksi zito la chuma, RAM ya giga mbili, na monita yenye mstari wa kijani pembeni ambao nimeshauzoea hata siuoni. Windows iliyokuwamo ilikuwa ikijikokota. Unabonyeza, unakwenda kuchota maji, unarudi, bado inafikiri. Rafiki yangu mmoja akaniletea flashi yenye Linux, ile aina inayoitwa Debian. Akaniambia, "Weka hii, mshikaji. Ya bure, na haina makuu."

Kwa wasioijua, nieleze kidogo. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, Finland. Alikuwa na umri wa miaka 21, na mwenyewe aliwatangazia watu kwamba ni kazi ya kujifurahisha tu. Kiini hicho kikaungana na programu za mradi wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983, ukapatikana mfumo mzima ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuugawa, na hata kuufungua na kuusoma ndani. Hilo la kusoma ndani mimi sikulijali. Nilichotaka ni mahali pa kuandikia, basi.

Nilipoona mashine inakwenda vizuri, nikafanya ujinga. Riwaya yangu nilikuwa nimeiandika kwanza kwa kalamu, katika kaunta buku tatu. Nilipomaliza kuzichapa zile sura kumi, nikampa Mama zile kaunta buku afungie vitumbua. Nilijiona mtu wa kisasa. Watu wakala vitumbua huku wakisoma sura yangu ya nne. Tena mteja mmoja alirudi kumuuliza Mama kama yule binti mwishowe alimpata baba yake. Mama akamjibu, "Muulize mwanangu, mie nauza vitumbua."

Sasa usiku huo nilikuwa sura ya kumi na moja. Binti amefika Feri, anasubiri pantoni ya kwenda Kigamboni, na baba yake yuko ng'ambo. Nikabonyeza kuhifadhi. Umeme ukakatika palepale, kabla sijainua kidole.

Asubuhi umeme uliporudi, nikaiwasha. Badala ya picha niliyoizoea, ikaniletea skrini nyeusi na maandishi meupe chungu nzima, halafu ikanyamaza. Nikaizima, nikaiwasha. Yaleyale. Nikaipiga kofi ubavuni. Yaleyale. Jasho likanitoka.

Nikaibeba hadi kwa jamaa mmoja wa kutengeneza kompyuta. Akatupa jicho kwenye skrini, hata sekunde tano hazikufika, akasema, "Diski imekwisha hiyo, kijana. Tunaifuta, tunakuwekea Windows. Leta elfu thelathini."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo ndo basi tena."

Mama alikuwa tayari kunipa zile elfu thelathini, pesa ya mchele wa wiki nzima. Sijui nini kilinizuia kuzipokea. Labda ni ule wepesi wa yule jamaa kusema "basi tena" juu ya jasho langu la miaka mitatu.

Njiani kurudi nikapita kwa mzee mmoja anayetengeneza redio mtaani kwetu. Sote tunamwita Fundi tu. Kompyuta hazijui, nilitaka kupumzisha mkono.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umebeba boksi kama unakwenda kuzika?"

"Imekufa, Fundi."

"Imeandika nini?"

"Imeandika Kiingereza."

"Sijakuuliza imeandika kwa lugha gani. Nimekuuliza imeandika nini."

Nikakosa jibu. Kweli sikuwa nimesoma hata mstari mmoja. Fundi akaweka chini chuma chake cha kuchomea risasi. "Hizi redio zangu haziandiki," akasema. "Inanibidi nizisikilize, nizinuse, nishike kila waya. Chako kinakuandikia kabisa kinaumwa wapi, nawe hutaki kusoma?"

Msomaji, hapo pana jambo la kukiri. Kidato cha pili, mwalimu mmoja alisoma insha yangu ya Kiingereza mbele ya darasa zima, kosa baada ya kosa, watu wakacheka mpaka kengele ikalia. Daftari lilirudi limejaa wino mwekundu. Tangu siku ile, nikiona Kiingereza kinachosema nimekosea, macho yangu yanateleza yenyewe. Sisomi. Natafuta pa kujificha. Na kumbe pale mbele ya skrini nyeusi nilikuwa nafanya vilevile, kana kwamba mashine inanisomea insha yangu.

Nikarudi nyumbani, nikachukua kamusi na karatasi, nikaiwasha. Nikanakili neno kwa neno. Mstari uliobeba mambo ulikuwa huu: "/dev/sda1: UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY." Nikapekua kamusi. Maana yake ni kwamba kuna mambo yasiyolingana, ambayo hayakutarajiwa. Endesha fsck kwa mkono. Hakuna neno kufa pale. Hakuna tusi. Mashine ilikuwa inaniomba kazi, na jina la kazi yenyewe imenitajia.

Nikanunua bando, nikasoma kwenye simu hadi macho yakauma. Fsck ni programu ya kukagua mpangilio wa mafaili. Chukulia diski ni ghala lenye karani. Karani ana daftari linaloonyesha gunia gani liko wapi. Umeme ukikatika wakati anaandika, daftari linasema hivi na ghala linasema vile. Fsck hupita kulinganisha daftari na magunia. Lakini katika kulinganisha inaweza kubadilisha mambo, kwa hiyo wazoefu wote walisisitiza neno moja: okoa kwanza, tengeneza baadaye.

Basi nikafanya hivi, nawe ukipatwa na hali kama yangu ufuate utaratibu huuhuu. Niliiwasha kompyuta kwa ile flashi ya Debian, kwa sababu ilikuwa ya aina inayoweza kuendesha mfumo mzima bila kugusa diski. Nikafungua terminali, nikaandika dmesg, nikatafuta maneno "I/O error" yanayohusu diski. Yangekuwapo mengi, ingekuwa dalili kwamba waya wa diski umelegea au diski yenyewe inakufa kweli. Hapo nisingethubutu kutumia fsck. Ningeinakili diski yote kwenda diski nyingine kwa programu ya ddrescue. Sikuona kitu. Nikaifungua diski kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika:

mount -o ro,noload /dev/sda1 /mnt

Folda zangu zikatokea. Nikahamishia kila kitu kwenye flashi nyingine. Ndipo nikaifunga kwa umount, maana fsck haiendeshwi juu ya diski iliyofunguliwa, nikaandika fsck -f /dev/sda1. Ikauliza maswali, nikaijibu y, y, y, huku moyo unadunda. Ilipomaliza nikachomoa flashi, nikaiwasha upya. Picha yangu niliyoizoea ikatokea, na ule mstari wa kijani pembeni. Mama akasikia nimepiga kelele, akaja na mwiko mkononi akidhani nimenaswa na umeme.

Furaha haikudumu. Faili la riwaya likakataa kufunguka. LibreOffice ikasema limeharibika, ikajitolea kulirekebisha, ikashindwa. Kusema kweli nililia. Kisha nikajiuliza lile swali la Fundi, nikaanza tena kusoma.

Kumbe faili la aina ya odt ni mfuko, yaani zip, wenye mafaili madogomadogo ndani, na maneno yako yote yamo katika moja linaloitwa content.xml. Faili langu lilikuwa limekatika mkiani, na mkiani ndiko inakokaa orodha ya vilivyomo. Nikatengeneza nakala, kwa kuwa huchezei faili halisi hata siku moja, nikaandika:

zip -FF riwaya.odt --out mpya.zip

Nikaufungua mfuko mpya, nikalikuta content.xml. Maneno yangu yote yalikuwa mstari mmoja mrefu uliojaa alama za kompyuta. Nikaziondoa alama. Sura kumi zikatoka nzima. Ya kumi na moja ilikatika katikati ya sentensi, binti amesimama Feri, pantoni haijafika.

Tangu hapo mashine hii imeniletea balaa nyingine, lakini sipati tena jasho. Siku moja ilikataa kupakua programu mpya, ikidai kwamba orodha ya programu bado haijafikia tarehe ya kutumika. Nikasoma, nikatazama saa ya kompyuta: ilikuwa imerudi miaka kumi na kitu nyuma. Betri ndogo ya ndani, ile CR2032 inayofanana na sarafu, ilikuwa imekwisha. Nikaibadilisha. Siku nyingine ikagoma kuwaka, ikawa inalia mlio mmoja mmoja. Nikachomoa waya wa umeme, nikaitoa RAM, nikasugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, nikafuta vumbi, nikairudisha. Ikawaka. Na kila mara nagusa kitu kimoja tu, kisha najaribu. Ukigusa vitatu kwa pamoja ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Mwaka 2004 ilitolewa programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, kazi iliyohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilifurahi kuijua habari hiyo. Lakini yale maandishi ya skrini nyeusi, yanayokuja kabla mfumo haujaamka, kwangu yanakuja kwa Kiingereza, na kamusi ninayo mezani.

Jambo la mwisho, na hili halihusu kompyuta. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepeleka sura tano za mwanzo kwa mchapishaji mmoja. Barua ya kurasa mbili ilirudi. Nilisoma neno la kwanza, "Tunasikitika", nikaikunja, nikaitupa ndani ya sanduku chini ya nguo. Usiku ule sura kumi zilipopatikana, nikaitoa. Ilikuwa imeandika kwamba baba ameandikwa vizuri, lakini binti anazungumza kama baba yake, na hatujui yeye anataka nini. Tena walikuwa wamenitajia na kurasa. Nikafungua kurasa hizo moja moja. Walisema kweli.

Sasa naandika upya sura ya kumi na moja. Nakala iko kwenye flashi, nyingine kwa rafiki yangu, na ya kalamu iko ndani ya kaunta buku mpya ambayo Mama ameonywa asiiguse. Binti bado yuko Feri. Nimemwacha akae kwanza, nisikie anasema nini.