Usiku Mmoja Katika Mlima Elgon

Mkulima mmoja wa Trans Nzoia alikuwa akiutazama Mlima Elgon kila asubuhi tangu utoto wake. Alijua kwamba mito mingi ya nchi ile huanzia huko, lakini hakupata kulala mlimani hata usiku mmoja. Basi mwezi wa Januari, mahindi yakiwa yamekwisha kuingia ghalani, alifunga hema, blanketi mbili, sufuria na unga, akapanda gari mpaka Endebess. Ndugu zake walikataa kufuatana naye, wakisema mwenye nyumba yake hana haja ya kulala msituni.

Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, upande wa Kenya, iliwekwa mwaka 1968. Katika lango la Chorlim askari alimwonyesha mahali pa kupiga hema, akamwambia, "Mzee, usiweke chakula hemani. Ukisikia ndovu usiku, usitoke wala usimulike taa. Wao ndio wenyeji, wewe u mgeni."

Jua lilipotua, baridi ilishuka kwa ghafula. Kutoka juu ya miti kikasikika kilio kama cha mtu anyongwaye. Moyo ulimpiga mpaka alipokumbuka kwamba ni perere, mnyama mdogo wa mtini, mfano wa sungura asiye na masikio marefu.

Usiku wa manane matawi yakaanza kuvunjika karibu. Mkono wake ulikwisha kuishika tochi, na miguu ilitaka kukimbilia langoni. Hapakuwa na mtu wa kumkataza, wala wa kumcheka. Hata hivyo akaiweka tochi chini, akalala kimya, akisikia pumzi nzito nje ya turubai. Baadaye kukawa shwari.

Asubuhi aliona nyayo pana kama ungo, hatua ishirini tu kutoka hemani. Askari akaja kumwongoza mpaka Pango la Kitum, maana njiani huwa na nyati. Pango hilo laingia mlimani kadiri ya meta 200. Tangu zamani ndovu huingia humo usiku, wakipapasa gizani kwa mikonga yao na kuchimba mwamba kwa pembe ili wapate chumvi. Alama za pembe zaonekana ukutani. Lakini idadi yao ilipungua sana, kwa kuwa majangili waliwaua wengi katika miaka ya 1970 na 1980.

Mkulima alitamani kuingia mpaka mwisho, apate la kuwasimulia ndugu zake. Askari akamweleza kwamba wageni wawili waliozuru pango hilo, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walipatwa na homa ya Marburg wakafa. Na virusi vya homa hiyo hukaa katika popo. Mkulima akatazama gizani kwa kitambo, kisha akageuka.

Aliporudi nyumbani, ndugu zake walimwuliza kama aliwaona ndovu. Akajibu kwamba aliona nyayo tu. Walipomwuliza kama aliingia pangoni, akasema hakuingia. Wakacheka, naye akacheka pamoja nao, kwa kuwa alikuwa amerudi mzima.

Aendaye porini peke yake hana mwenzi wa kumkanya. Hapana budi ajikanye mwenyewe.